Saa za Thamani Zisizotambulika Haraka: Ushauri kwa Mnunuzi wa Lubumbashi

Wakazi wengi wa Lubumbashi wanaoniomba ushauri kuhusu saa ya bei kubwa huwa wamekwisha kuamua kununua Rolex, kwa kuwa ndiyo inayotambulika hata na mtu aliyekaa upande wa pili wa meza. Rolex ni saa imara, na sina neno juu yake. Hata hivyo, mimi hupenda zaidi saa ambazo ubora wake humfikia kwanza yule anayezivaa, na ningetamani mnunuzi azijaribu mkononi kabla ya kutoa fedha zake.

Ninayoipenda kuliko zote ni Grand Seiko ya Japani yenye mtambo wa Spring Drive. Nguvu yake hutoka kwenye springi, kama saa yoyote ya kujaza, lakini mwendo wake hudhibitiwa na breki ya sumaku inayofuata mpigo wa fuwele ya kwatzi, bila betri, na ndiyo maana haikosei zaidi ya sekunde moja hivi kwa siku. Itazame kwa karibu ile inayojulikana kama Snowflake: uso wake mweupe una vijimikunjo vya theluji iliyopeperushwa na upepo, na juu yake mshale wa buluu wa sekunde hauruki wala hautetemeki, bali huteleza mfululizo. Kasha lake la titani ni jepesi mno.

Anayependa saa yenye historia namwelekeza kwenye Zenith El Primero, kronografu (saa yenye kipima muda) ya mwaka 1969 ambayo mtambo wake hupiga mara 36,000 kwa saa moja, hivyo huweza kupima sehemu ya kumi ya sekunde. Mwaka 1975, saa za betri zilipokuwa zimevielemea viwanda vya Uswisi, wamiliki wa Zenith waliamuru utengenezaji wa mitambo isiyotumia betri ukomeshwe, na fundi Charles Vermot akavificha darini vifaa na kumbukumbu zake za kiufundi. Ni vifaa hivyo vilivyowezesha El Primero kufufuliwa katika miaka ya 1980, na tangu 1988 hadi 2000 Rolex yenyewe iliutumia mtambo huo ndani ya saa yake ya Daytona.

Jaeger-LeCoultre Reverso ya 1931 ilibuniwa kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliocheza polo India. Kasha lake hugeuzwa ili kioo kisivunjike. Ni saa ya ofisini na ya sherehe, wala sishauri ivaliwe kwenye mvua zetu za Januari, kwa maana kipimo chake cha kuhimili maji cha mita 30 hakimaanishi kuogelea. Mkanda wake wa ngozi nao huchakaa upesi kwa jasho la Oktoba.

Kwa anayefanya kazi na Kinshasa, ambako majira yako nyuma yetu kwa saa moja, ningechagua Grand Seiko yenye mshale wa ziada wa majira ya pili kuliko saa yoyote ya dhahabu.

Ninalolisisitiza zaidi ni matengenezo. Mafundi saa wa mjini ni hodari wa betri, mikanda na saa za kawaida, lakini Spring Drive haifai kufunguliwa nje ya kituo kilichoidhinishwa na mtengenezaji. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji saa itapelekwa nchi gani kwa huduma, ambayo kwa kawaida huhitajika kila baada ya miaka mitano hivi, na nani atagharimia usafirishaji na bima. Ikiwa imekwisha kutumika, hakikisha nambari ya kasha inalingana na ile ya hati, na utenge fedha za huduma ya kwanza siku ile ile unayoinunua.