Matajiri Wakihamia Mtaani, Usikimbilie Mkopo

Wiki jana dada mmoja wa Kisumu aliniandikia. Anasema kwao Milimani bangalo za zamani zinabomolewa, fleti zinapanda, naye anataka mkopo afungue duka jirani. "Watu wenye pesa wanakuja, kaka. Si ndio wakati?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Maneno hayohayo niliyasema mimi hapa Nakuru, na niliyalipia.

Milimani yetu enzi za mkoloni ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika alilala Bondeni, akipanda huku juu kufanya kazi tu. Baada ya uhuru wakaingia Wahindi na wakubwa wa serikali. Mimi niliweka kibanda cha mboga kwenye kona mwaka 2004, na mteja wangu wa kila asubuhi alikuwa mama mmoja wa Kihindi. Alichuma jani moja la dania, akaliponda kati ya vidole, akanusa. Likimridhisha: "Hii iko sawa. Weka na bamia, ile ndogo-ndogo."

Mwaka 2017 serikali iliwatambua Wakenya wa asili ya Kihindi kuwa kabila la 44. Mwaka huohuo yule mama wa dania alikuwa akifunga masanduku. Watoto wote wako Leicester, Uingereza, nyumba imemzidi, madalali hawampi usingizi. Miaka kumi na mitatu nimempelekea mboga mpaka jikoni, lakini habari ya kuuza niliipata kwa askari wa geti. Bado inaniuma, sitaficha.

Palipokaa familia moja zikasimama nyumba 24. Desemba 2021 Nakuru ikapewa hadhi ya jiji, nami kichwa kikafura. Nikachukua mkopo wa elfu themanini kwenye chama chetu cha akiba: friji, rafu, mabati mapya, yogati za kila rangi. Wapangaji wakaja, vijana wa kila kabila, Wazungu wawili watatu, wageni wa kulala siku mbili. Wakanipita na vioo vimefungwa. Mboga zao zililetwa na bodaboda kutoka supamaketi. Bamia zangu zikakomaa zikawa ngumu kama kuni.

Sasa nisikilize vizuri. Nilikuwa nimewahesabu wenye nyumba, kumbe walionilisha ni wafanyakazi wao. Kila bangalo lilikuwa na askari, yaya na kijana wa shamba. Hao ndio walionunua mandazi, kredo ya simu ya shilingi ishirini, sigara moja moja. Bangalo tano ni watu kumi na tano kila asubuhi. Fleti nzima ina askari wawili na keyateka, msimamizi wa jengo, basi! Matajiri waliongezeka, wateja wangu wakapungua.

Miezi ya kulipa lile deni nairuka, haina utamu.

Aliyeniokoa ni keyateka. Alikuja kunywa chai akanung'unika kwamba wapangaji wanampigia simu usiku gesi ikiisha. Mtu asiyepika ugali bado atachemsha chai! Nikaanza na mitungi minne, nikaongeza maji ya kunywa ya lita ishirini. Mke wangu akawa anawatafutia mama fua. Leo nina pikipiki mbili, na waliokuwa wakinipita na vioo vimefungwa wananiita "boss".

Kwa hiyo, dada, kabla ya mkopo kaa kwenye jiwe nje ya geti la hizo fleti, Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, uhesabu wanaotoka kwa miguu. Magari usiyahesabu. Zungumza na keyateka. Zungumza na askari pia, wa mchana na wa usiku. Na keyateka, narudia, kwa sababu najua hamtaki kusikia. Mnataka kusikia kuhusu friji. Vijana wa siku hizi mnapenda kufungua duka kabla ya kumjua mnunuzi, halafu mnasema mmelogwa.

Nilimwandikia haya yote, marefu kuliko hapa. Akajibu saa tano usiku: ameshalipa depositi ya miezi mitatu.

Basi nikamwambia aanze na gesi.