Fundi kaniambia ninunue feni ya maji, ni kweli?

*Shikamoo kaka. Nipo Mwanjelwa, Mbeya, nasoma chuo mwaka wa pili. Nimechanga kidogo kidogo hadi nimefika milioni moja na nusu, nataka kujenga kompyuta ya gemu, monita na kibodi ninavyo. Prosesa nimeshapata, Ryzen 5 5600 mpya kwenye boksi lake na feni yake. Sasa fundi mmoja kaniambia hiyo feni ni ya kutupa, ninunue ya kupozea kwa maji yenye mataa la sivyo prosesa itaungua, na hiyo peke yake inakula kama robo ya hela yangu. Nifanyeje? Na vitu vilivyobaki nipange vipi?*
Msomaji, Mwanjelwa

Marahaba mdogo wangu. Hiyo feni ya maji usinunue, hela yako irudishe mfukoni kwanza tuongee.

Prosesa yako imeandikwa wati 65, na ikibanwa kabisa inafika kama wati 76 hivi, basi. Hiyo ni kazi ambayo ile feni ndogo ya kwenye boksi inaiweza, AMD wenyewe, watengenezaji wa prosesa hiyo, ndio wameifungasha humo. Ukicheza gemu utaona joto linapanda hadi digrii sitini na kitu, sabini na kitu, na wengi wakiona sabini wanashtuka, wakati hiyo prosesa mwisho wake umewekwa digrii 90. Ikifika hapo haiungui, inajipunguza mwendo yenyewe hadi ipoe. Kwahiyo la kuungua lisikunyime usingizi.

Halafu kuna jambo la huko kwenu ambalo watu hawalifikirii. Feni haitengenezi ubaridi, inachukua joto la prosesa na kulimwaga kwenye hewa ya chumba, yaani prosesa itakuwa na joto la chumba ukiongeza lile inalozalisha yenyewe. Sasa mtu wa Dar chumba chake kina digrii 31, wewe Mbeya mwezi wa saba usiku unavaa sweta ndani ya blanketi. Kompyuta ileile, feni ileile, kwako itakuwa na unafuu wa digrii kumi na zaidi bila kulipia hata mia. Ila niseme ukweli wote, Mbeya ipo kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, kama moja ya sita imepungua, kwahiyo kila mzunguko wa feni unabeba joto kidogo kuliko ungebeba Dar. Baridi yenu bado inashinda, lakini kasha lako la kompyuta lazima lipitishe hewa. Usichukue lile lenye kioo kitupu mbele, tafuta lenye matundu mbele na feni mbili, moja inaingiza mbele na nyingine inatoa nyuma.

Kinachoharibu watu wengi ni kufunga, feni yenyewe wala haina kosa. Ubao mama wa AM4, yaani aina ya soketi ambayo prosesa yako inakaa, unakuja na vipande viwili vya plastiki pembeni ya soketi hiyo. Feni yako haitumii hivyo, inabidi uvifungue skrubu zake nne, na hapo ndipo mtu anashangaa bamba la chuma la nyuma linadondoka, kwasababu zile skrubu ndizo zilizokuwa zinalishika. Lishikilie kwa mkono kwa nyuma. Chini ya feni utakuta pesti ya kijivu, ile inayopitisha joto toka prosesa kwenda kwenye feni, imeshapakwa kiwandani, usiiguse na kidole wala usiongeze nyingine. Ishushe wima mara moja, kisha kaza skrubu kwa mshazari, mizunguko miwili hapa unaenda ya kona ya pili, usikaze moja hadi mwisho wakati nyingine zinaning'inia. Waya wake chomeka palipoandikwa CPU_FAN.

Na siku ukitaka kuitoa, tafadhali sana, usiivute juu kwa nguvu. Prosesa za AM4 zina pini chini yake, zaidi ya 1,300, na pesti ikishakauka inashika kama gundi, ukivuta inang'oka prosesa nzima kutoka kwenye soketi ikiwa imefungwa vilevile na pini zinalala. Nimeona kijana analia dukani kwa jambo hilo na mimi mwenyewe nilishindwa kuzinyoosha zote. Washa kompyuta kwanza, cheza gemu dakika kumi pesti ilainike, zima, chomoa umeme, fungua skrubu, halafu zungusha feni nzima taratibu kushoto kulia hadi uisikie imeachia, ndio unyanyue.

Tuje kwenye hela. Kubwa kuliko zote iende kwenye kadi ya grafiki, maana gemu zinachezwa pale, na 5600 haina grafiki ya ndani, bila kadi hutaona picha kabisa. Mi ningekutafutia RX 6600 ya gigabaiti 8, hata iliyotumika, mradi uione ikiwaka na gemu ikikimbia nusu saa mbele ya macho yako kabla hujatoa hela. Inakula kama wati 132 tu, kwahiyo pawa saplai, kile kifaa cha kugawa umeme ndani ya kompyuta, ya wati 550 inatosha na inabaki, ila hiyo nunua mpya yenye jina linalojulikana na alama ya 80 Plus, ya kwamba haipotezi umeme mwingi, zile nyepesi ukizishika mkononi kama boksi tupu ziache hapohapo. RAM chukua mbili za gigabaiti 8 usichukue moja ya 16, aina ya DDR4 ya mwendo wa 3200, na ukishawasha ingia BIOS, ile programu ya ubao mama wenyewe, uiwashe XMP inayoiachia RAM mwendo wake kamili, bila hivyo itatembea polepole na hutajua. Ubao mama aina ya B550 ni salama zaidi, B450 ya zamani ni rahisi lakini muulize muuzaji kama BIOS imesasishwa, ya zamani haiitambui hiyo prosesa na utakaa unaangalia skrini nyeusi. SSD, yaani diski ya kuhifadhia gemu zako, ya gigabaiti 500 inatosha kuanzia. Hela ikibana kabisa, subirisha kila kitu lakini pawa saplai usiibanie.

Feni kubwa ina wakati wake. Ukinunua prosesa ambayo haiji na feni, mfano Ryzen 7 5700X, au kelele ikikuchosha, chukua ya mnara, yaani mabati yamesimama marefu na feni ubavuni, yenye feni moja ya milimita 120, tena pima kwanza kasha lako, nyingi zina urefu wa milimita 150 na kitu na mlango ukigoma kufunga utairudisha.

*Kaka habari. Mdogo wangu hapa Makambako tumemjengea kompyuta ya prosesa ya Intel i3-12100F, gemu ikianza dakika tatu nzuri halafu inakuwa nzito kama inaburuzwa, nikipima joto la prosesa naona digrii 100. Feni inazunguka vizuri tu. Tubadilishe feni?*
Dada wa Makambako

Nzuri dada. Msibadilishe kwanza. Feni ya boksi ya Intel inashikwa na pini nne za plastiki za kubonyeza, na moja ikiwa haijaingia sawasawa feni inainama upande mmoja kiasi ambacho jicho halioni. Zima, laza kompyuta, uchungulie nyuma ya ubao mama: kila pini inatakiwa ionyeshe ncha nyeupe mbili zimechanuka na ile nyeusi imepenya katikati. Usipoiona moja, umepata ugonjwa. Mkiitoa, futeni pesti ya zamani kwa spiriti na kitambaa safi, wekeni mpya ukubwa wa punje ya njegere katikati, halafu bonyezeni kwa mshazari hadi msikie tak mara nne.

Na kama mnaota jiko la mkaa chumba hichohicho, toeni jiko. Majivu yanaingia kwenye mabati ya feni yanachanganyika na vumbi, na ninyi wenyewe hewa ile si salama mkifunga dirisha. Mkipuliza vumbi shikeni panga za feni kwa kidole zisizunguke.

*Nimenunua kompyuta Kariakoo imeshafungwa tayari, ina ile feni kubwa ya mnara. Nitumie kwa basi mpaka Iringa?*
Msomaji wa Ipogolo

Tuma, lakini kwanza mwambie muuzaji atoe kadi ya grafiki na hiyo feni, kila kimoja kwenye boksi lake. Feni za namna hiyo nyingine zina karibu robo tatu ya kilo, zinaning'inia kwenye ubao mama, na matuta yote yale pamoja na kona za Kitonga zitautingisha usiku kucha. Kama hawezi kuitoa, ajaze sponji ndani na kasha lilazwe, ubao mama uwe chini na feni ielekee juu, na wewe umwambie utingo mwenyewe kabla gari halijaondoka.