Kabla hujafungua injini kongwe ya dizeli: maneno kwa spana boi mpya

Mdogo wangu unayeanza gereji hapa Tanga, kufungua injini si ufundi. Mpe utingo yeyote seti ya soketi, jioni utaikuta chini vipande vipande. Ufundi ni kujua ulichofungua ni injini gani, na hilo lijulikane kabla nati ya kwanza haijalegea.

Nakuambia hivyo kwa sababu ya mitambo tunayoletewa. Mkoa huu umeishi kwa mkonge tangu 1893, na mashamba ya Muheza, Korogwe na njia ya Pangani yamejaa mashine za kila umri. Ongeza machimbo ya chokaa upande wa Pongwe na Kiomoni. Injini ikifa huko, mwenye mali hanunui mtambo mwingine. Anatafuta injini yoyote inayoingia, anachomelewa vishikio vipya, kazi inaendelea. Miaka inapita, mtambo unauzwa, dereva aliyekuwepo amestaafu, na wewe unaletewa kijiko, mtambo wa kuchimbia, ambacho mlangoni kibati kinasema hivi na ndani mna kitu kingine. Kibati cha bodi ni cha bodi tu. Usikitumie kuagizia hata gasketi.

Anza kwa kuosha. Chukua brashi ya waya na dizeli kidogo, utafute sehemu iliyonyooshwa kwa mashine kwenye bloki, yaani mwili mkuu wa injini, maana namba ya injini huwa imegongwa hapo. Mara nyingi imepakwa rangi juu, tena zaidi ya mara moja. Ikwangue taratibu, usitumie grainda, utaifuta namba yenyewe. Ikibaki hafifu, paka chaki kisha pangusa kwa kiganja: chaki itabaki kwenye mitobo na tarakimu zitajitokeza nyeupe. Piga picha, iandike kwenye daftari. Namba iliyoandikwa kwenye kipande cha boksi la spea hupotea kabla ya saa sita mchana.

Nichukue injini za Perkins, kwa kuwa ndiyo utakayokutana nayo sana kwenye matrekta ya Massey Ferguson na vijiko vya JCB vya zamani. Kuanzia 1974, namba zao zina mpangilio unaosomeka. Herufi mbili za mwanzo ni ukoo wa injini: LD ni 4.236, LF ni 4.248. Katikati utaona herufi ya nchi ilikotengenezwa, U ikiwa Uingereza. Herufi ya mwisho ni mwaka: A ni 1974, B ni 1975, unakwenda hivyo hivyo mbele, ila baadhi ya herufi, kama I na O, zimerukwa. Na jina 4.236 lenyewe linajieleza, silinda nne na ujazo wa inchi za ujazo 236.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo hela za watu zinapopotelea. Ndugu hizi zinafanana kwa sura. 4.236 ina silinda ya upana wa milimita 98.4 na pistoni inasafiri milimita 127. 4.248 inasafiri 127 ile ile, lakini upana ni 101. Kuna na 4.212, upana 98.4 kama 4.236, ila safari ni 114.3. Kwa hiyo ukipima upana peke yake utachanganya ya kwanza na ya tatu, na ukipima safari peke yake utachanganya ya kwanza na ya pili. Mteja atakuambia, "Fundi, we agiza tu, Perkins ni Perkins." Mjibu kwa adabu, "Sawa mzee," kisha kapime. Pistoni zikishatoka Gerezani, Dar, kwa basi zikafika stendi ya Kange haziingii, muuzaji wa Dar hazipokei tena, na mzee huyo huyo ndiye atakayekuuliza wewe.

Namba ikiwa imekwisha kabisa, hesabu itakusaidia. Pima upana kwa sentimita, uzidishe kwa wenyewe, halafu mara 0.7854, mara safari ya pistoni, mara idadi ya silinda. Kwa 9.84 na 12.7 na silinda nne unapata kama sentimita za ujazo 3,863. Gawanya kwa 16.39 upate inchi za ujazo, unatua kwenye 236. Upana upimie chini kabisa, pale ringi hazifiki. Juu silinda imekwishaliwa, itakudanganya. Tena angalia kichwa cha pistoni, kama kuna fundi aliyetanua silinda kabla yako, saizi ya nyongeza huwa imegongwa pale.

Injini nyingi za Uingereza za umri huu ni za inchi. Spana ya milimita inayokaribia kuenea ndiyo inayoviringisha nati, halafu unaanza kutafuta patasi. Azima spana za inchi. Kwa mzee wa gereji hazikosi.

Kabla ya kushusha, jiulize pia inakufa kwa nini. Moshi mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa: angalia kichujio cha hewa na nozeli kwanza. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto ni dizeli isiyoungua, au maji. Mitambo ya machimbo huwa na ugonjwa wake. Vumbi la chokaa likipata upenyo kwenye mpira unaotoka kichujio cha hewa kwenda kwenye injini, ringi na silinda huliwa upesi ajabu. Nimeona watu wakiweka ringi mpya na mpira wenye ufa wakaurudishia ule ule, umefungwa kwa raba ya tyubu. Hiyo si ovahoo, ni kununua ringi za kusaga.

Unapofungua, kila konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki (mhimili mkuu wa injini), ibaki na kifuniko chake na upande wake. Kama hazina namba, gonga alama ndogo pembeni. Vifuniko vya meni beringi, zile zinazoshika kranki kwenye bloki, vivyo hivyo, havibadilishani nafasi hata siku moja, maana vilichongwa vikiwa vimefungwa kwenye bloki hiyo.

Halafu fanya jambo ambalo vijana wengi hawalifanyi: geuza beringi kuukuu, usome mgongoni. Ukikuta STD, kranki haijawahi kuchongwa. Ukikuta 010, ilichongwa sehemu kumi kati ya elfu moja za inchi, yaani robo ya milimita, ile tunayoita teni. 020 ni twenti, 030 ni theti. Hiyo ni historia ya injini, na haikugharimu kitu. Hata hivyo usiagize kwa kusoma tu. Pima shingo za kranki kwa maikromita, kila shingo sehemu mbili zinazokatana msalaba. Vipimo vikitofautiana, shingo imekuwa yai, na beringi mpya juu ya yai itanoki tena. Kranki ikienda kuchongwa, ngoja irudi, pima, ndipo ununue beringi. Watu wananunua twenti mapema ili kuokoa siku, fundi wa mashine anakuta mkwaruzo mzito inabidi aende theti.

Silinda hedi iwekee rula ya chuma iliyonyooka, pitisha fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) chini yake kwa urefu na kwa kona. Chunguza nyufa kati ya viti vya valvu, hapo ndipo joto linapoanzia kazi yake.

Hapa kwetu kuna adui mwingine, hewa ya bahari. Bloki ikikaa wazi ukisubiri spea, silinda zilizokuwa zinang'aa unazikuta na kutu. Zipake oili nzito, funika kwa turubai, si gunia, gunia linashika unyevu.

Usafi usiuonee uvivu. Toa vizibo vya njia za oili kwenye bloki, pitisha brashi ndefu, piga upepo mpaka kitambaa kitoke kisafi. Kranki iliyotoka kuchongwa ina unga wa jiwe kwenye matundu yake, na unga huo unamaliza beringi mpya kabla mteja hajamaliza kulipa.

Pampu ya dizeli usiiguse kwa bisibisi. Ipeleke kwa mwenye mashine ya kuipimia, pamoja na nozeli. Zile pampu za CAV za mzunguko zinalainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo dizeli iliyochakachuliwa na mafuta ya taa ndiyo inayoziua. Mwambie mwenye mtambo hilo mapema.

Kufunga sina maneno mengi. Ringi ingiza kwanza silindani, isukume kwa pistoni ikae sawa, upime mwanya kabla ya kuivisha. Bolti za hedi kaza kwa toki renchi ukianzia katikati kwenda nje, kwa awamu, kwa kipimo cha kitabu cha injini hiyo. Tapeti, yaani mwanya wa valvu, za 4.236 ni milimita 0.30 ikiwa baridi, na mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2.

Siku ya kuwasha, toa hewa kwenye njia ya dizeli kuanzia kichujio, pampu, mwisho nati za nozeli. Vuta kizimio, zungusha kwa stata mpaka geji ya oili ipande, ndipo uachie iwake. Geji isipopanda, usiwashe, tafuta sababu. Ikishawaka, mwenye mali atataka uiache ingurume silensa, yaani polepole bila mzigo, kutwa "izoee". Kataa. Silinda mpya zikikaa bila mzigo hupata ung'avu, ringi hazikai na oili inaanza kupanda. Ikipata joto, ipe kazi nyepesi, kijiko kisogeze kifusi, kisivunje mwamba. Kisha irudi kwako: mwaga oili ya kwanza, badilisha kichujio, pima tapeti upya, na kama kitabu kinataka hedi ikazwe tena, ikaze siku hiyo hiyo kabla mtambo haujapakiwa kurudi Kiomoni.