Jibu: Lamu inafaa kwa utafiti wa tabianchi mijini?

Dadangu, umeuliza kama ombi lako la nafasi ya utafiti baada ya uzamivu litachukuliwa kwa uzito ukichagua Lamu, ilhali wenzako wanaandika Nairobi na Mombasa. Litachukuliwa, mradi usiinadi kama mji wa watalii.

Anza na maji. Mji unategemea maji matamu yaliyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Yakivutwa kupita kiasi, ya chumvi hupenya, na bahari ikipanda hali huzidi. Hapo swali la utafiti unalo tayari. Kisha joto: simama adhuhuri kwenye kichochoro cha Mji wa Kale, kuta nene za matumbawe huku na huku, halafu ingia chumba cha matofali ya simiti kilichoezekwa mabati. Tofauti hiyo ipime, usiisimulie tu. (Kwamba UNESCO iliuorodhesha Mji wa Kale kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, sentensi moja yatosha, watu huijazia ukurasa mzima.)

Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya Kenya inayotoa vibali vya utafiti, kishughulikie mapema, na Makumbusho ya Taifa wajue kabla hujabandika kipimajoto kwenye ukuta wa mtu. Msimamizi naye awe anaijua haidrolojia (elimu ya maji), si mipango miji peke yake.