Hari ya kaskazi: kivuli, feni na maswali yenu

Tangu kaskazi, msimu wetu wa joto, ianze, maswali mengi yanayonifikia ni ya hari: watoto hawalali, wazee wanaishiwa nguvu, Tukuza, umeme wetu wa Zanzibar wa kulipia kabla, inakatika usiku wa manane. Leo nayajibu machache.

Nyumba yetu ya Jang'ombe ni ya bati, haina dari. Mama yangu ana miaka 74 na presha. Mchana anastahamili barazani, usiku hapati usingizi kabisa. Ni joto tu?

Joto peke yake linatosha kumuuguza. Usiku ndio moyo unapopumua. Hewa ikiwa na unyevu jasho halikauki, na moyo hubaki unasukuma damu kwenda ngozini mpaka alfajiri. Tena mzee huchelewa kuhisi kiu, na baadhi ya dawa za presha humkojosha sana. Mpe maji bila kungoja aombe, mpanguse shingo na kwapa kwa kitambaa kibichi. Dawa asiache mwenyewe. Zungumzeni na daktari.

Akianza kuweweseka au kutojua alipo, na mwili unawaka, hiyo ni hatari ya kufa. Mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, na gari itafutwe papo hapo. Akiwa hajitambui msimnyweshe kitu.

Mkipata pesa kidogo, pakeni bati rangi nyeupe. Jua jingi litarudi lilikotoka. Dari ije baadaye.

Mume wangu anataka kuukata mwembe wa uani, Mpendae. Anahofia mizizi itapasua msingi.

Dada yangu, mzuie kwanza. Turubai hutoa kivuli tu, lakini mti hufanya zaidi: mizizi huvuta maji, majani huyatoa kwa mvuke, na mvuke huondoka na joto. Kama mizizi imefika ukutani, muite fundi aangalie; mara nyingi kupunguza matawi kunatosha. Mji Mkongwe una vichochoro vyembamba, kuta zinatiliana kivuli. Mitaa yetu mipya haina hilo, na saruji tunayoimwaga pahala pa mti hutunza joto la mchana na kulitoa tukishalala.

Tumepanga vyumba sita, mita moja. Mwenye nyumba katukataza feni, eti zinamaliza umeme, naye ana eisi (kiyoyozi). Anasema kweli?

Hasemi kweli. Feni ya mezani hula kama wati 50. Ikizunguka kwa muda wa saa 8, haimalizi hata nusu yuniti. Eisi ikifanya kazi mfululizo yaweza kula karibu yuniti nzima kwa saa moja, na joto inalolitoa chumbani kwake inalitema kichochoroni, penye madirisha yenu. Mpelekeeni hesabu hiyo, na mchange mfungiwe mita ndogo ya kila chumba.

Jambo hili linaniuma. Desemba 2009 ilitokea hitilafu kwenye njia ya umeme unaotoka Bara, Unguja ikakaa gizani mpaka Machi 2010, kaskazi yote. Wenye jenereta walijipoza. Wengine walikosa hata maji, maana pampu zilisimama. Hata leo, umeme ukiwepo, mtu anayenunua yuniti za kubahatisha analala katika giza lile lile. Feni ya usiku kwa mzee, mtoto mchanga au mgonjwa ni haja ya afya, na bei ya umeme ipangwe kwa kumfikiria yeye.

Nina mimba ya miezi saba, nauza samaki Wete. Nisimame juani?

Hapana, mwanangu. Joto kali huongeza uwezekano wa kujifungua kabla ya siku. Uza asubuhi, kuanzia saa tano hadi saa tisa kaa kivulini, kunywa maji mara kwa mara. Mtoto akipunguza kucheza, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Skuli yetu ipo Chake Chake, tuna uwanja mtupu. Tupande mti gani?

Mkungu, kwa matawi yake yanayotanda. Mwarobaini pia, kwani huvumilia ukame. Mwembe uwe mbali na ukuta. Anzeni upande wa magharibi wa madarasa, ambako jua la alasiri huingia madirishani, na mpande masika inapoanza. Miche mingi hufa kaskazi ya mwanzo: toboeni chupa ya maji, ifukieni kando ya shina, muijaze kila inapokauka. Zungushieni fito za kuzuia mbuzi, na zamu za kumwagilia zipangwe hata wakati wa likizo ya Disemba.