Kwa mnaoanza kutunza kompyuta za ofisi: anzeni na kile mkono unaweza kugusa

Wadogo zangu mnaoingia kazi hii, iwe Kisumu, Kakamega au Bungoma, kila mteja atawauliza kwanza habari za antivirasi. Mjibuni, lakini kazi msiianzie hapo. Piteni nyuma ya meza muitazame mashine yenyewe. Ofisi nyingi za hapa Kisumu mjini ni vyumba vya kupanga: ngazi moja, majirani kibao, na wateja wanasubiri kwenye benchi hatua mbili tu kutoka kwa kompyuta ya mhasibu. Anayetaka rekodi za ofisi kama hiyo hana haja ya udukuzi. Mhasibu akitoka kidogo kwenda kuchukua chai, inatosha.

Kwa laptopu, nunueni kufuli la waya. Ubavuni mwa laptopu nyingi za ofisi kuna kitundu cha mstatili, takriban milimita 7 kwa 3, ambacho watu hudhani ni cha hewa. Kichwa cha kufuli huingia hapo na kukwama, kisha waya wa chuma huzungushwa kwenye kitu kisichohama. Hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Nimekuta waya umefungwa kwa ustadi kwenye mguu wa meza, lakini ukiinyanyua meza kidogo tu, kitanzi kinateleza na kutoka chini. Fungeni kwenye upau unaounganisha miguu, au mpige bolti ya pete ukutani. Na mteja aambiwe ukweli: mwizi mwenye koleo la kukatia na muda wa kutosha ataukata. Waya humzuia yule mpita njia anayetaka kutia mashine kwenye begi na kushuka ngazi. Laptopu nyembamba nyingine hazina kitundu hicho, kwa hiyo kagueni kabla pesa hazijatoka.

Kompyuta ya mezani mara nyingi huwa na pete ya chuma nyuma ya kasha, ya kutia kufuli la kawaida. Itumieni. Kasha likifunguliwa, diski huchomolewa ikasomwe kwingine, na kwenye mashine nyingi ukitoa ile betri ya duara, nenosiri la BIOS (programu inayoiamsha mashine kabla ya Windows) linafutika. Hivyo diski nayo isimbwe, yaani data zake zisisomeke bila ufunguo, kwa mfano kwa BitLocker ya Windows, na ule ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48 ukae kwenye sefu. Msithubutu kuuacha chini ya kibodi.

Lakini linaloninyima usingizi ni waya wa kibodi. Kuna kidude kidogo, hakizidi kidole gumba, kinachochomekwa kati ya waya huo na kasha la kompyuta. Hunasa kila herufi inayoandikwa, nenosiri la benki likiwemo, na kwa kuwa si programu, antivirasi haikioni. Kukiweka hakuhitaji elimu yoyote. Kikulacho ki nguoni mwako: anaweza kuwa mfanyakazi mwenzenu aliyelipwa kidogo na mtu wa nje. Kila wiki, pitisheni vidole kwenye waya kuanzia kibodi hadi unapochomekwa. Mkikuta kiungo msichokijua, msikichomoe kwa haraka. Kipigeni picha, muiteni mwenye ofisi aje aone mwenyewe. Chini ya sheria ya uhalifu wa kompyuta ya 2018, kuingia kwenye mfumo bila ruhusa ni kosa, na ushahidi ukivurugwa kesi inadhoofika.

Matundu ya USB yasiyotumika yazibwe kwa vizibo vya kufunga na ufunguo. Flashi za wateja wanaokuja kuchapisha zichomekwe kwenye mashine moja iliyotengwa, isiyo na hesabu za ofisi. Baadhi ya vifaa vina umbo la flashi lakini hujitambulisha kwa kompyuta kuwa ni kibodi, kisha vinaandika amri vyenyewe.

Mwenye uwezo wa kuongeza kitu kimoja, mshaurini anunue funguo za usalama za USB, vidude vya kuchomeka vinavyothibitisha kuwa anayeingia ni mwenye akaunti, kwa ajili ya barua pepe na akaunti za ofisi. Ufunguo huo huthibitisha anwani ya tovuti kabla ya kujibu, basi tovuti bandia haipati kitu. Namba ya siri inayotumwa kwa SMS haiwezi hivyo: mtu akirudufu laini yako ya simu, namba hiyo inamfikia yeye. Kila mtumiaji apewe funguo mbili, zote zisajiliwe siku hiyo hiyo, mmoja ubaki kwa meneja. Alama za vidole sizipendi sana kwa ofisi ndogo. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inazihesabu kuwa data nyeti, na zikivuja hakuna wa kumbadilishia mtu kidole.

Wekeni daftari la funguo zote, za waya, za kasha na za vizibo, pamoja na jina na sahihi ya anayezishika. Mfanyakazi akiacha kazi, funguo zirudi na akaunti zake zifungwe kabla hajakabidhiwa barua ya kuondoka.