Povu na koo: kwa wewe unayeanza chumba cha habari

Mdogo wangu, kabla hujapewa kitambulisho cha kuingilia bungeni, nikusimulie habari ya kurasa mbili zilizobandikwa ukutani.

Mwaka wangu wa pili kazini niliandika stori mbili za bunge kwa siku moja. Mbunge mwanamke alisimama akambana waziri kuhusu mradi wa maji. Nikampa kichwa cha habari "Atoa povu bungeni". Baada yake akasimama mbunge mwanamume, waziri ni yuleyule, na sauti akaipaza zaidi. Huyo nikampa "Amkaba koo waziri". Gazeti likatoka. Asubuhi mhariri msanifu wetu, mzee asiye na maneno mengi, alikata kurasa zote mbili, akazibandika karibu na birika la chai, kisha akaniita.

"Binti, huyu povu, huyu koo. Nani alikuwa na hoja?"

Nikarudi kwenye daftari langu. Mwanamke alikuwa na majina ya vijiji, idadi ya visima na tarehe ambazo mkandarasi alilipwa. Mwanamume alikuwa na sauti. Kurasa zile zilikaa pale hadi zikageuka rangi ya njano, na kila aliyekuja kumimina chai alizisoma.

Nilichokuja kukielewa baadaye, tena polepole, ni kwamba lugha yetu haikunilazimisha. Mwandishi wa Kiingereza hamalizi aya bila kutaja kama anayemzungumzia ni wa kike au wa kiume. Sisi tunaweza kuandika ukurasa mzima, amesema, ameahidi, akaondoka, na msomaji asijue. Kwa hiyo ukikuta "mwanadada", "mwanamama" au "msanii wa kike" kwenye kazi yako, ujue hakuna sarufi iliyolidai neno hilo. Umeliweka wewe. Jiulize unalitafutia nini.

Siku nyingine jibu lipo. Machi 19, 2021 Samia Suluhu Hassan alipoapishwa, kuwa mwanamke wa kwanza kushika urais wa Tanzania ndiyo ilikuwa habari yenyewe. Ukilibandika neno hilohilo miaka kadhaa baadaye, kwenye habari ya kuzindua daraja, hayo ni mazoea tu. Nimewahi kusahihisha stori iliyomwita mhandisi mwenye wajukuu "mwanadada". Mwenzake wa kiume, mdogo kwake kwa miaka kumi, aliitwa "mhandisi mwandamizi".

Mavazi yatakusumbua, maana picha hujiuza yenyewe. Juni 1, 2021 Spika Job Ndugai alimtoa ukumbini mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, akabadilishe nguo, baada ya mbunge mwanamume kusimama na kuilalamikia suruali yake. Ni habari, iandike. Lakini usiishie kwenye suruali. Tafuta kanuni inasemaje, neno kwa neno, kwa sababu kanuni za mavazi zinawagusa na wanaume. Uliza nani mwingine ameshawahi kutolewa kwa kanuni hiyo. Muulize mbunge mwenyewe alikuja kuzungumzia nini siku ile.

Nairobi nako, Agosti 7, 2019, mbunge Zuleikha Hassan wa Kwale alitolewa bungeni kwa kuingia na mwanawe wa miezi mitano. Kwa kanuni, kichanga kile kilihesabiwa mgeni asiyeruhusiwa ukumbini. Stori ya haraka ni mama aliyefanya vituko. Stori yenyewe ni kwamba Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea, na hapa tunazungumzia jengo ambamo sheria hiyo ilipitishwa.

Wala usidhani mizani hii hushikwa na wanaume peke yao. Mimi niliyeandika "povu" ni mwanamke. Agosti 2021, Ikulu, Rais Samia mwenyewe alisema kuhusu wachezaji soka wa kike kwamba wapo wenye vifua bapa kiasi kwamba ungedhani ni wanaume. Mdomo unaotoa kauli ukiwa wa mwanamke, usiilegezee maswali.

Sasa twende dawati la michezo, ambako jinsia na rangi hukutana, na ambako mimi nilifanya kosa kubwa zaidi kuliko lile la povu. Mwaka 2009, Berlin, Caster Semenya wa Afrika Kusini, akiwa na miaka 18, alishinda mbio za mita 800 za dunia. Saa chache kabla ya fainali ilikuwa imevuja kwamba wakubwa wa riadha wameagiza apimwe jinsia. Habari zilipotufikia kwa Kiingereza, wenzetu walikuwa wanahangaika wamtaje kwa kiwakilishi kipi. Sisi hatukuwa na hangaiko hilo kabisa. "Amekimbia, ameshinda" ingetosha. Nami, katika lugha isiyonidai chochote, nikaweka neno "huntha", yaani mtu mwenye jinsia mbili, kwenye kichwa cha habari. Binti wa miaka 18, ambaye hakuna daktari aliyenipa majibu yake, na hata angenipa hayakuwa yangu kuyachapisha.

Fuatilia kilichokuja baadaye, kwa sababu kinatuhusu. Rio 2016, medali tatu za mita 800 wanawake zilikwenda kwa Semenya, Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya. Mkimbiaji wa Poland aliyemaliza wa tano alisema anafurahi kuwa wa kwanza kati ya Waulaya na wa pili kati ya weupe. Kauli hiyo haikuwa tena ya vipimo vya jinsia, ilikuwa ya rangi. Mwaka 2018 zikatangazwa kanuni za kiwango cha testosteroni, homoni ya kiume, kwa wanariadha wa kike, zilizogusa mbio za kuanzia mita 400 hadi maili moja, na wote watatu wakajikuta nje ya mbio zao wasipokubali kushusha homoni kwa dawa. Annet Negesa wa Uganda alikuwa ameshaondolewa kabla ya Olimpiki ya London 2012. Mwaka 2019 alisema hadharani kuwa alifanyiwa upasuaji bila kuelezwa sawasawa anafanyiwa nini. Haya ni majina ya jirani zetu. Kama tungekuwa tunapiga simu Bujumbura, Nairobi na Kampala badala ya kutafsiri tu kilichotumwa, tungekuwa na stori ambayo Ulaya ingeitafsiri kutoka kwetu. Bado inaniuma.

Ubaguzi wetu wenyewe tunauandika kwa herufi ndogo. Oktoba 2022 Rishi Sunak alipokuwa waziri mkuu wa Uingereza, tulikumbushana kwa furaha kwamba baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika: damu ya Afrika Mashariki! Fungua ukurasa wa mahakama. Mtu aliyezaliwa Kariakoo, na baba yake Kariakoo, bado ni "Mhindi" akishtakiwa. Kama asili ya mtu haimo kwenye hati ya mashtaka, kwa nini imo kwenye aya yako ya kwanza?

Na burudani. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu 1880. Mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kutiwa kwenye santuri. Waliomwonea kijicho walimtungia wimbo wa kumkumbusha shamba alikotoka na kaniki alizokuja nazo mjini. Naye akawajibu kwa wimbo kwamba uzuri na ukoo si hoja, hasara ni kukosa akili. Karibu miaka mia imepita, na dawati letu bado lina kaniki yake. Msanii wa kiume akitoka uswazi akajenga nyumba, tunaandika "amepambana". Wa kike akitoka mtaa uleule akanunua gari, tunauliza "nani kamtoa?" Ukitaka kuuliza fedha zimetoka wapi, ni swali halali kabisa. Waulize wote wawili.

Kuna moja bado linanishinda: neno Mama. Cheo cha ukoo si kigeni kwa viongozi wetu. Nyerere ni Baba wa Taifa, Mwinyi alikuwa Mzee Ruksa. Lakini Mzee humwongezea mtu hekima, wakati Mama humwongezea deni la huruma, na siku akifukuza waziri watu huuliza mama gani huyu. Upande wa pili, wapo wanawake wanaolitaka jina hilo na kuliweka wenyewe kwenye mabango yao, na mimi ni nani nilifute? Kwa sasa naandika Rais, Waziri, Mbunge. Mama namwachia msemaji, ndani ya alama za nukuu. Mhariri wa zamu ya usiku leo anakubaliana nami, kesho analirudisha.